Asubuhi Nne Bila Vifuko

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Darubini alikuwa na kazi tatu. Ya kwanza ilikuwa kumtia shangazi yake dawa ya macho, tone moja kulia na tone moja kushoto, wala si mawili, maana kichupa kilitakiwa kifike mwisho wa mwezi. Ya pili ilikuwa kwenda kwenye kitalu cha maua nyuma ya nyumba akiwa na brashi ndogo. Ya tatu ilikuwa kuandika kwenye daftari kile alichokifanya huko. Akimaliza ndipo anavaa sare na kukimbilia shuleni, mkate mkononi.

Jina la Darubini alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu ya tabia yake ya kuinama na kuvikodolea macho vitu vidogo: sisimizi, nyuzi za sare, chembe za chaki. Shangazi aliposikia alicheka, akasema jina limempata mwenyewe, kwani nyumba ile ilikuwa na uhaba wa macho. Alisema kwa utani, lakini hapakuwa na utani hapo. Presha ya macho ilikuwa inamla kidogo kidogo kuanzia pembeni. Mwanzoni alikuwa akigonga milango kwa bega na kuilaumu milango. Baadaye akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alimwambia waziwazi kwamba dawa ingechelewesha tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kazi ya Shangazi ilikuwa maua, na kwa miaka mitano alishughulika na ua moja tu. Alizeti unaijua: inampita mtu mzima kimo, na ukiipanda kwenye chungu siku ya upepo utaikuta chini, yenyewe na chungu chake. Shangazi alitaka alizeti ya kukaa dirishani. Aliitaka fupi, yenye matawi na maua madogo matano au sita, petali za rangi ya chungwa, na pete ya rangi ya kutu kuzunguka moyo wa ua. Watu wanaoishi kwenye chumba kimoja cha kupanga, alisema, nao wana haki ya kuwa na alizeti yao.

Kipimo chake kilikuwa mkono wake mwenyewe. Aliweka kiwiko kwenye udongo wa chungu na kunyoosha vidole juu. Mmea uliozidi ncha ya kidole cha kati uling'olewa bila huruma, hata kama ua lake lilikuwa zuri kama nini. Ile mifupi aliichavusha mmoja kwa mwingine, akavuna mbegu, akapanda tena. Mara mbili kwa mwaka, kila mwaka. Mpando wa tisa ndio uliotoka wote sawa kwa mara ya kwanza, na siku hiyo Shangazi alipima vyungu vyote mara mbili kwa sababu hakuamini.

Hapo likabaki jambo moja. Mkaguzi wa mbegu wa serikali alitaka kuona vyungu arobaini vya mimea inayofanana, yote ikiwa imechanua, ndipo aina hiyo iandikwe kitabuni na kupewa jina. Mbegu za mpando wa tisa zilizobaki ndani ya kopo zilikuwa hamsini na mbili tu, nazo zilikuwa akiba isiyoguswa. Kwa hiyo Shangazi aliacha mimea minane bora kitaluni ili izae mbegu mpya. Alikuwa na hesabu yake nyingine pia, ambayo alimwambia Darubini jioni moja wakiwa wanapepeta udongo.

"Macho haya yana miezi michache," alisema. "Nikishaiona hiyo safu ya arobaini imechanua, basi. Yakitaka kwenda na yaende."

Sasa, adui mkubwa wa kazi ile alikuwa nyuki. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na shamba la jirani aliyeitwa Mzee Mafuta, kwa kuwa alipanda alizeti ndefu za kukamua mafuta, na shati lake halikukosa doa. Nyuki akitoka kwake na chavua miguuni, ule unga wa manjano wa maua, akatua kwenye alizeti fupi, mbegu zitakazotoka hapo zitazaa majitu. Ndiyo maana Shangazi alishona vifuko vya kitambaa chepesi cha pazia, akalivika kila ua kimoja kabla halijafunguka. Asubuhi Darubini alifungua kifuko kimoja, akapaka chavua ya mmea mfupi mwingine kwa brashi, akakifunga tena kwa uzi kabla ya kugusa cha pili. Mimea minane, maua arobaini na kitu. Ilikuwa kazi ya saa nzima, na maua yakianza kuchanua hayasubiri. Kazi ni kila siku hadi yanyauke.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mpira wa pete. Darubini alichaguliwa timu ya shule, na mechi ikapangwa Ijumaa. Mwalimu wa michezo akatangaza mazoezi kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwamba atakayechelewa mara moja atakaa benchi. Darubini hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote tangu azaliwe. Jumapili nzima alitembea kama amekanyaga hewa, na hakumwambia Shangazi kitu kuhusu saa ya mazoezi. Alijua ataambiwa maua hayawezi kungoja.

Jumatatu alisimama kitaluni, brashi mkononi, akatazama vile vifuko vyote. Nyuki mmoja alikuwa anahangaika juu ya kitambaa akitafuta njia ya kuingia. Ndipo wazo likamjia, na lilimjia likiwa limevaa vizuri kabisa. Kwani kazi ya brashi si ndiyo kazi ya nyuki? Na nyuki hachoki, wala hana mazoezi. Akafungua vifuko vyote kwa dakika tano, akaviacha vinaning'inia kwenye mashina, akakimbia. Aliporudi mchana alivifunga tena vyote, na ungeona usingedhani vilikuwa vimefunguliwa.

Akafanya hivyo Jumanne. Akafanya hivyo Jumatano na Alhamisi.

Kwenye daftari aliandika kila siku maneno yaleyale: "Nimepaka. Nimefunika." Jioni, kabla ya chakula, Shangazi alikuwa na desturi ya kuketi kwenye kigoda na kusema, "Haya mwanangu, nisomee." Darubini akamsomea. Mara ya kwanza sauti ilimkwama kidogo akasingizia kikohozi. Mara ya nne haikumkwama hata kidogo, na jambo hilo lilimtisha zaidi kuliko uongo wenyewe. Ijumaa walifungwa kwa bao moja, tena Darubini mwenyewe ndiye aliyekosa mpira wa mwisho. Hata kulia hakuweza.

Maua yalipokauka yalikuwa yameshiba mbegu. Shangazi aliyapukuta kwenye ungo, akazipitisha mbegu vidoleni, akasema hajawahi kupata mavuno kama hayo na kwamba mkono wa Darubini una baraka. Akamwita Mzee Mafuta aje ashuhudie. Mzee Mafuta akatania kwamba akipewa binti huyo mwezi mmoja tu atakuwa tajiri. Darubini alitazama chini. Alijiambia kwamba labda nyuki hawakutoka upande ule, labda walitoka kwingine, labda mambo yatakuwa sawa.

Vyungu hamsini vikapandwa, na barua ikapelekwa kwa mkaguzi. Mvua nyembamba ikaanza, ile isiyonyesha wala kuacha, na katika majuma hayo macho ya Shangazi yakashuka ghafla. Aliacha kutambua nyuso mlangoni. Alimimina chai nje ya kikombe, akaipangusa haraka kwa kanga kabla hajaulizwa. Akawa anakwenda kitaluni kwa kupapasa ukuta, na kila akirudi aliuliza swali lilelile.

"Zinaendeleaje?"

"Zinaendelea vizuri, Shangazi."

"Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Hazikuwa sawa. Kufikia juma la sita vyungu vingi vilikuwa vimerefuka, mashina manene yenye ua moja kubwa juu kama yale ya ng'ambo ya uzio. Darubini aliyaona kabla ya mtu yeyote, maana kuona ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi alipofungua mlango wa kitalu aliikuta mimea imerefuka zaidi. Alifikiria kuikata vilele, kisha akafikiria kuificha nyuma, mwishowe hakufanya lolote ila kusema ziko sawa.

Mkaguzi alipobakiza juma moja, Shangazi alikwenda kupima mwenyewe. Alipiga magoti kwenye chungu cha kwanza, akaweka kiwiko, akanyoosha vidole. Vidole vikagusa shina, na shina likaendelea kwenda juu. Akasogea cha pili. Akasogea cha tatu. Alipima vyote hamsini kwa magoti yake juu ya udongo uliolowa, na Darubini alisimama mlangoni akimhesabia moyoni. Thelathini na moja vilizidi.

Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa muda mrefu, mikono yenye matope imelala mapajani. Darubini alingoja aulizwe mbona alisema ziko sawa. Hakuulizwa, na hilo lilimchoma kuliko kofi.

"Si kosa lako," Shangazi alisema mwishowe. "Ulikuwa hutaki kunivunja moyo. Mimi ndiye niliyekosea kuchagua. Macho yalishakwisha, mimi najifanya bado naona."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. Kama watoto wametoka hivi, basi hata mama zao hawakuwa wametulia, walificha urefu ndani yao. Na kama mama zao hawakutulia, mbegu za ndani ya kopo ni zilezile. Ina maana mipando tisa yote ilikuwa bure, na kuanza upya hawezi tena. Akasema Jumamosi atamwita Mzee Mafuta achukue kila kitu, mimea awape mbuzi na mbegu awape kuku.

Siku tatu zile nyumba ilikuwa kama ina mgonjwa mahututi. Shangazi hakutaka kusomewa daftari. Asubuhi aligeuza uso ukutani, akasema dawa ya macho haina haja tena. Darubini shuleni hakusikia kilichofundishwa. Aliona sasa mahali alipofika: akinyamaza, hakuna atakayejua maisha yake yote, na Shangazi ataitupa kazi ya miaka mitano akijilaumu kwa kosa ambalo hakulifanya. Akisema, ataonekana alivyo. Hapakuwa na njia ya tatu, ingawa aliitafuta sana.

Jumamosi Mzee Mafuta alikuja na toroli. Alisimama kitaluni bila utani wowote, akisugua doa kwenye shati lake. Shangazi akatoka ndani amekumbatia lile kopo, akalinyoosha mbele upande ambako alidhani mzee amesimama. Alilinyoosha pembeni, kwenye hewa tupu.

"Usimpe, Shangazi," Darubini alisema. "Hizo ni nzima."

"Nzima kwa vipi?"

"Nilifungua vifuko. Asubuhi nne. Nikawaacha nyuki wafanye kazi ili niwahi mazoezi ya mpira wa pete. Kwenye daftari niliandika uongo, nikakusomea."

Mvua ilikuwa inagonga nailoni iliyoezekwa juu ya kitalu. Mzee Mafuta alijifanya anakagua gurudumu la toroli. Shangazi alilirudisha kopo kifuani polepole, na uso wake ukabadilika mara nyingi, kama anahesabu kitu kigumu. Darubini alitegemea kupigwa, na kwa kweli angependa apigwe, yaishe.

"Lete daftari," Shangazi alisema.

Likaletwa.

"Soma siku hizo nne. Usisome ulichoandika. Soma ulichofanya."

Darubini akasoma, mbele ya jirani, machozi yakidondokea karatasi. Jumatatu nilifungua vifuko nikaondoka. Jumanne nilifungua vifuko nikaondoka. Alipofika Alhamisi, Shangazi alimwambia akate maneno ya zamani kwa mstari mmoja, yasomeke bado, na aandike ya kweli juu yake. Mzee Mafuta akageuza toroli tupu. Alipofika mlangoni alikohoa, akasema kwamba hata yeye angeweza kushika hiyo brashi asubuhi nne, kama angeambiwa.

"Umesikia?" Shangazi alisema mzee alipokwisha kuondoka. "Ungeniambia tu kwamba unataka kucheza. Ningetafuta mtu. Mimi nilikuwa msichana pia."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nitakusamehe. Leo bado. Leo nina hasira, na nina sababu." Akapapasa kifuniko cha kopo. "Mbegu hizi zitapandwa Jumatatu, na zitatoka sawa, Mungu akipenda. Lakini zinataka miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ndiyo niliyokuwa nayo, mwanangu. Unaelewa?"

Darubini alielewa. Hakuna aliyemweleza zaidi, na hakulala vizuri kwa siku nyingi.

Walipanda mbegu zote hamsini na mbili. Mkaguzi aliombwa asogeze tarehe. Darubini alimweleza mwalimu wa michezo hali ilivyo, akawekwa kwenye kundi la mazoezi ya jioni, ambalo kumbe lilikuwapo siku zote kwa wanaotoka mbali. Hakuwahi kuuliza. Asubuhi zake zikawa za kitaluni, na jioni akasoma daftari: chungu hiki hakikuota, kile kimeliwa na konokono, leo nimesahau kumwagilia safu ya nyuma nikamwagilia mchana. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, akaitikia, "Haya." Kwa muda mrefu hakusema zaidi ya hapo.

Katika mwezi wa pili Shangazi aliamka asubuhi moja akauliza kama kumekucha. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Darubini akajibu kwamba kumekucha, akamtia matone kama kawaida, na wote wawili wakajua kwamba matone hayo sasa ni mazoea tu.

Konokono, ukungu na mbegu zilizokataa viliwaachia mimea arobaini kamili. Ilichanua katika juma moja. Asubuhi ya siku ya mkaguzi Darubini alipita safu kwa safu akipima kwa mkono wa Shangazi, maana Shangazi alimruhusu aushike mkono ule na kuuweka kwenye kila chungu. Mwishoni Shangazi alichoka, vikabaki kumi na mbili, akamwambia Darubini avipime kwa kijiti walichokikata kwa kipimo kilekile, yeye atangoja kigodani.

Kimoja kilizidi. Hakikuzidi sana, upana wa kidole tu. Darubini alipima tena, akakitikisa, akakipima mara ya tatu. Vilitakiwa arobaini, na vilikuwapo arobaini, si zaidi. Mkaguzi angeweza asikigundue. Shangazi hakuwa na namna ya kukiona. Geti likalia, viatu vya mkaguzi vikasikika kwenye kokoto.

"Cha thelathini na nne kimezidi, Shangazi," Darubini alisema. "Upana wa kidole. Vilivyo sawa ni thelathini na tisa."

"Basi mwambie mkaguzi hivyohivyo, kabla hajapima."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Alisikiliza, akapima vyote mwenyewe kwa rula ya chuma, akaandika. Alipofika cha thelathini na nne alimtazama Darubini juu ya miwani. Akasema kanuni inaruhusu kimoja katika arobaini, ila wenye vitalu hawasemi. Hukificha, naye hukitafuta. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuonyeshwa. Akageuza ukurasa, akauliza jina la aina hiyo mpya. Shangazi akanyoosha mkono wake wa kulia, vidole juu, akasema iandikwe Mkono Mmoja.

Mkaguzi alipoondoka, Shangazi aliomba chungu kimoja, akakipakata. Alipitisha vidole kwenye petali taratibu. Uso wake ulikuwa na huzuni, na hakujaribu kuificha.

"Ulinipotezea siku ya kuiona safu hii," alisema. "Siwezi kusema haikuwa kitu. Lakini sikiliza, mwanangu. Giza la macho nimelizoea. Napapasa ukuta, nafika. Giza la kuambiwa ziko sawa na haziko sawa, hilo halina ukuta wa kupapasa. Mtu akikuamini uone kwa niaba yake, unakuwa jicho lake. Ukimdanganya, umempofusha mara ya pili. Leo ulikuwa na nafasi ya kunipofusha, hukuitumia. Basi nimekusamehe."

Darubini alilia pale, na safari hii akashikwa bega.

"Futa machozi, unisomee safu," Shangazi alisema. "Rangi ikoje?"

"Chungwa. Ile ya chungwa lililoiva sana. Pete ya kutu ipo kwenye yote, ila cha tisa imekatika upande mmoja. Cha kumi kina petali iliyoliwa na mdudu. Cha kumi na moja ni kizima, kimetazama dirisha lako."

"Endelea," Shangazi alisema, akafumba macho ili aone vizuri. Darubini akaendelea, kimoja baada ya kingine, hadi cha arobaini.